Bolingi: toka pointi 90 ufike 150 kabla ya kununua mpira wako

Kila Ijumaa jioni naulizwa maswali yale yale matatu. Nichukue mpira wa namba ngapi? Mbona nimeangusha pini zote na skrini haijaandika pointi? Na la tatu, ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: mbona mpira wa yule jamaa unakata kona na wangu unakwenda kama mkokoteni? Nimejibu mmoja mmoja hadi nikachoka, kwa hiyo yote nayaweka hapa.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeshacheza mara tano sita. Hatumbukizi tena kila mpira mtaroni, ila amekwama kwenye 80, 90, siku njema 110. Nazungumza na anayetumia mkono wa kulia. Kama ni wa kushoto, geuza kila kitu kama unavyojiona kwenye kioo. Bolingi yenyewe ni ile ya pini kumi, unayoikuta Village Market pale Gigiri, na unayoikuta Dubai au Doha. Vipimo vya leni ni vile vile kote, kwa hiyo unachojifunza Nairobi unasafiri nacho.

Jambo moja kabla hatujaanza: hutafika 150 kwa kusaka straiki, yaani kuangusha pini zote kwa mpira wa kwanza. Utafika kwa kuokota pini zilizobaki. Hesabu nitakuonyesha huko chini.

Andaa haya

- Soksi zako. Viatu utapewa kaunta, soksi hupewi, na kuvaa viatu vya umma bila soksi ni shauri lako.
- Kitambaa kikavu cha kufutia mpira. Taulo kuukuu la uso linatosha.
- Kucha fupi, hasa ya gumba.
- Suruali au sketi inayokuruhusu kupiga goti bila kuchanika.
- Kalamu na karatasi. Najua kuna skrini. Lete tu.
- Saa tulivu. Mchana wa siku ya kazi ni bora kuliko Jumamosi usiku, muziki umepasua masikio na leni ya jirani kuna sherehe ya kuzaliwa ya watoto ishirini.

Leni unayoikanyaga

Kutoka mstari wa faulo, ule usioruhusiwa kuuvuka, hadi pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18 na ushee. Upana ni kama mita 1 na sentimita 5, nao umegawanywa kwa mbao 39. Hata leni za kisasa ambazo si za mbao huchorwa mbao hizo, na ndizo rula yako. Zihesabu kuanzia kulia. Pini ya mbele imesimama ubao wa 20, katikati kabisa.

Mbele ya mstari, kati ya futi 12 na 16, kuna mishale saba. Imetengana mbao tano tano: iko ubao wa 5, 10, 15, 20 na kuendelea. Nukta zilizo chini ya miguu yako nazo zimetengana mbao tano tano, na ile ya kati iko ubao wa 20. Basi ramani ndiyo hiyo.

Kitu usichokiona ni mafuta. Mashine huyapaka kuanzia mstari wa faulo hadi kama futi 40, mazito katikati na mepesi pembeni. Futi za mwisho huachwa kavu. Ndiyo maana mpira huteleza kwanza, halafu ukifika pakavu unashika. Pia ndiyo maana huruhusiwi kuvuka mstari: ukikanyaga yale mafuta utaanguka kifudifudi mbele za watu, na pini ulizoangusha kwa mpira huo hazihesabiwi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mpira kwa vidole kwanza, uzito baadaye.

Wengi hufanya kinyume. Mipira yote ina ukubwa mmoja, kipenyo cha inchi 8 na nusu hivi. Namba iliyoandikwa juu yake ni uzito kwa paundi, na hakuna unaoruhusiwa kuzidi 16, ambayo ni kilo 7 na robo. Kinachotofautiana sana ni matundu.

Ingiza gumba lote mpaka mwisho, ulizungushe. Linatakiwa liguse kuta bila kubanwa. Likitoka kwa mlio kama kizibo cha chupa, tundu ni dogo; likicheza kama mchi kwenye kinu, ni kubwa, na utaukaba mpira bila kujua. Gumba likiwa bado ndani, laza kidole cha kati na cha pete juu ya matundu yao bila kuviingiza. Mkunjo wa pili wa kidole, ule wa katikati, upite ukingo wa tundu ulio karibu na kiganja kwa milimita sita hivi. Mkunjo usipofika, mpira huo ni wa mtu mwenye mkono mkubwa kuliko wako. Ukipita mbali, ni wa mtoto.

Sasa uzito. Ning'iniza mkono ukiwa na mpira, uubembeze mbele na nyuma mara kumi. Bega likianza kushuka au kiwiko kikijikunja, shuka paundi mbili. Wanawake wengi niliocheza nao wako sawa kati ya 9 na 11, wanaume kati ya 11 na 14.

Onyo: usichague uzito kwa sababu ya mwenzako. Mimi nilichukua 15 kwa kuwa binamu yangu alichukua 14. Kufikia mchezo wa tatu kidole cha pete kilikuwa kimevimba, na usiku ule ufunguo wa nyumba niliugeuza kwa mkono wa kushoto.

Ukipata unaokufaa, andika rangi na namba yake kwenye ile karatasi. Wiki ijayo utaanzia hapo.

2. Tafuta mahali pako pa kuanzia.

Simama karibu na mstari wa faulo, zipe pini mgongo. Tembea hatua nne za kawaida kuelekea kwenye viti, ongeza nusu hatua ya kuteleza, kisha geuka. Hapo ndipo utakapoanzia kila mara. Watu husimama popote, halafu wakifika mstarini wanafunga breki ghafla na mpira unawaruka.

Kabla ya hapo, kagua soli. Tone moja la soda au maji ya chooni kwenye kiatu cha kushoto linatosha kukukwamisha mguu katikati ya mtelezo, na mwili wa juu ukaendelea na safari peke yake. Usimwage poda sakafuni ili uteleze, utawaangusha wengine.

3. Acha kutazama pini.

Nikiruhusiwa kukupa ushauri mmoja tu, ni huu. Pini ziko mita 18, mshale uko mita 4. Kipi rahisi kukilenga?

Weka ncha ya kiatu cha kushoto kwenye ubao wa 15. Tazama mshale wa pili kutoka kulia, ule wa ubao wa 10. Macho yabaki pale mpaka mpira umeupita, hata ukisikia mtu anapiga kelele. Mpira huachiwa mbao sita saba kulia kwa mguu unaoteleza, kwa hiyo utaanzia karibu na ubao wa 8, utapita wa 10, utaendelea kukata kuelekea kwenye upenyo kati ya pini ya kwanza, ile ya mbele, na ya tatu, iliyo nyuma yake kulia. Upenyo huo tunauita mfuko. Kwa wa kushoto ni kati ya ya kwanza na ya pili.

Mbona si katikati kabisa, kwenye uso wa pini ya mbele? Kwa sababu katika straiki safi mpira wenyewe hugusa pini nne tu: 1, 3, 5 na 9 (namba zote ziko hatua ya 6). Zile sita huangushwa na wenzao. Ya 1 inaisukuma 2, inaisukuma 4, inaisukuma 7. Ya 3 inaisukuma 6, nayo inaiangusha 10. Ya 5 inaishughulikia 8. Ukigonga pini ya mbele usoni, mlolongo huo unakatika na unabaki na pini mbili zimesimama kila upande kama walinzi wa geti.

4. Hatua nne, mkono mmoja usio na haraka.

Mguu wa kulia unaanza, na papo hapo unasukuma mpira mbele. Hatua ya pili, kushoto, mpira unashuka wenyewe kando ya mguu. Ya tatu, kulia, mpira uko nyuma juu. Ya nne, kushoto, unateleza ukikunja goti, mpira unarudi mbele na unauachia kwenye kifundo cha mguu. Gumba linatoka kwanza, vidole viwili vinafuata. Mkono uishie juu, kama unampokea mtu simu.

Kosa kubwa hapa ni nguvu. Mpira hautupwi, unabembea kama ndoo iliyofungwa kamba. Ukisikia unadunda "puu!" kwenye leni, umeuchelewesha na umeurusha. Mpira mzuri unagusa leni karibu kimya.

Na adabu: mkifika pamoja na mchezaji wa leni ya jirani, aliye kulia ndiye anayetangulia.

5. Fuata kosa kwa miguu.

Rusha mipira mitatu bila kubadili chochote. Ukikosa mshale, tatizo ni wewe, usihame. Ukiupata mshale na bado mpira ukaingia pasipo, hapo hamisha miguu, ukiacha macho pale pale. Mpira umekwenda kulia mno? Sogea kulia. Umekwenda kushoto mno, ukaipiga pini ya mbele usoni? Sogea kushoto.

Wageni hubisha hapa, wanaona kama ni kinyume. Fikiria mshale kama msumari katikati ya rula: ukisukuma mwisho mmoja kulia, mwisho wa pili unakwenda kushoto. Na kwa kuwa mshale uko karibu nawe, ubao mmoja miguuni huwa kama mbao tatu kule kwenye pini. Anza na ubao mmoja, usiruke.

6. Okota spea.

Kwetu spea ni ya gari, lakini huku ni kumaliza pini zilizobaki kwa mpira wa pili, na ndiyo itakayokulipia kodi. Zijue namba za pini kwanza: 1 mbele, 2 na 3 nyuma yake, kisha 4, 5, 6, na mwisho 7, 8, 9, 10, zote zikihesabiwa kutoka kushoto.

Pini ikibaki kushoto, sogea kulia ukilenga mshale ule ule wa pili. Utasikia wazoefu wakisema "tatu, sita, tisa": mbao tatu kwa pini ya 2, sita kwa ya 4, tisa kwa ya 7. Kanuni hiyo ni ya watu ambao mpira wao unapinda. Kwa mpira wa rafu, yaani ule wa kuazima unaoukuta umepangwa ukumbini, ambao unanyooka, kwangu mbili au tatu, nne, na tano au sita zimetosha. Jaribu, andika kinachokubali.

Pini ikibaki kulia, hasa ile ya 10 pembeni kabisa, badili mtazamo. Hama uende kushoto, mguu karibu na ubao wa 32, ulenge mshale wa kati, uukate uwanja kwa mshazari. Ukibaki ulipo ukajaribu kuifuata ukingoni, mtaro unakusubiri njia nzima. Elekeza na mabega huko huko. Wengi huhama miguu na kuacha mabega yakitazama nyumbani.

Pini mbili zikibaki zimeachana, moja kila upande, usijitie ushujaa. Chukua moja ya uhakika.

7. Hesabu mwenyewe, angalau mchezo mmoja.

Sasa ile karatasi. Mchezo una fremu kumi, kila fremu mipira miwili. Zikianguka zote kwa mpira wa kwanza ni straiki, X: unapata 10 pamoja na mipira miwili ijayo. Zikiisha kwa mpira wa pili ni spea, alama ya mkwaju: 10 pamoja na mpira mmoja ujao. Ndiyo maana skrini hukaa kimya baada ya straiki, inangoja deni lilipwe. Fremu ya kumi pekee hukupa mipira ya nyongeza palepale ukipiga straiki au spea.

Huu ni mchezo wangu mmoja, neno kwa neno:

Fremu 1: X
Fremu 2: 7 /
Fremu 3: 9 –
Fremu 4: X
Fremu 5: X
Fremu 6: 8 1
Fremu 7: 6 /
Fremu 8: X
Fremu 9: 9 /
Fremu 10: X 7 2

Fremu ya 1 ni 10 na 7 na 3, jumla 20. Ya 2 ni 10 na 9, tumefika 39. Ya 3 ni 9 tupu, 48. Ya 4 ni 10, na straiki inayofuata 10, na 8: hiyo ni 28, tumefika 76. Ya 5 ni 10 na 8 na 1, 95. Ya 6 ni 9, 104. Ya 7 ni 10 na straiki, 124. Ya 8 ni 10 na 9 na 1, 144. Ya 9 ni 10 na straiki, 164. Ya 10 ni 19. Mwisho 183.

Nilishangilia. Kisha nikarudi kwenye fremu ya 3 na ya 6, kila moja ilibakiza pini moja tu. Ningeiokota ile ya fremu ya 3, fremu hiyo ingekuwa 20 badala ya 9. Ningeiokota ile ya 6, fremu ya 5 ingepanda kwa 1 na ya 6 kwa 7. Pini mbili, pointi 19. Ningemaliza na 202.

Angalia na huku: mtu anayeangusha 9 kila fremu akaacha moja, anamaliza na 90. Anayeangusha 9 kisha akaiokota ile moja kila fremu, na 9 kwenye mpira wa mwisho, anamaliza na 190 bila straiki hata moja. Kuna mzee mmoja mstaafu huja na mpira wa plastiki wa rangi ya machungwa, paundi 12, anatembea kama anakwenda dukani. Hapigi straiki tatu kwa mchezo, na vijana wenye mipira ya kung'aa wanamnunulia chai kila wiki.

Kuhusu mpira unaokata kona

Kwa ufupi, kwa kuwa nimeahidi. Mipira ya rafu kwa kawaida ni ya plastiki ngumu: haishiki leni, inanyooka. Ile inayopinda ina ngozi ya resini, iliyoenea kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ndani ina kiini chenye umbo la kuuyumbisha. Inateleza kwenye mafuta, ikifika pakavu inauma. Kuingia mfukoni kwa pembe hiyo huangusha pini vizuri zaidi, hilo halina ubishi. Lakini mpira huo hutobolewa kwa vipimo vya mkono wako; ukiagiza nje, usikubali uliokwisha kutobolewa. Na hata wenye nao, wengi hubeba wa plastiki pia, kwa ajili ya pini ya 10.

Pesa yako ya kwanza iende kwenye viatu. Viatu vyako vitateleza namna moja kila siku. Vya kaunta kila siku ni vingine.

Mambo yakikataa

*Mpira unakwenda kulia kila mara ingawa nalenga mshale.* Tazama mkono mwisho wa mbembeo. Huenda unapita nyuma ya mgongo kwa sababu kiatu cha kulia kinakuzuia njia. Rusha mmoja ukiwa umesimama tu mstarini, bila hatua. Ukinyooka, tatizo ni miguu.

*Mpira unakwenda kushoto ghafla.* Unaukaba na kuuzungusha kwa kiganja. Angalia tundu la gumba, pengine ni kubwa.

*Gumba linanasa.* Joto huvimbisha vidole. Baada ya michezo miwili, badili kwa mpira wenye tundu kubwa kidogo kuliko wa mwanzo. Usivute kwa nguvu katikati ya mrusho.

*Nilianza vizuri, mchezo wa tatu nimeharibika.* Mara nyingi ni uchovu. Shuka paundi moja. Lakini pia mafuta yamesogezwa na mipira ya wote waliopita hapo. Futa mpira kila unaporudi, na uhame ubao mmoja kabla hujaanza kujilaumu.

*Skrini imeandika pini vibaya.* Hutokea. Hapo utaitoa ile karatasi, uende nayo kaunta kabla hujarusha mpira unaofuata.